Shati la Aliye Safarini

Benchi letu liko Bukoto, mbele ya duka ambalo mlango wake haujafunguliwa tangu Mhindi mwenyewe afukuzwe nchini na masanduku mawili mwaka wa sabini na mbili. Ukikaa hapo unaona kilima cha Naguru na mabati ya kota za polisi. Kulia ni kibanda changu cha viatu. Jina langu ni Ongom, ila hapa wananiita Gundi na nimezoea. Kushoto ni jiko la Filda, Mama Amito, anayetuuzia kahawa isiyo na sukari, kwa sababu sukari siku hizi tunaisikia tu kwa majina ya watu wanaoipata. Kando ya jiko ameweka cherehani yake ya mkono. Katikati tunakaa sisi wenye maneno. Kuna Opoka, aliyekuwa dereva wa jeshi kabla ya kuachishwa; huyo ni Redio, kwa sababu ana redio isiyo na betri na bado kila jioni analeta habari. Na kuna Masinde, Mkenya wa Bungoma, anauza spea gereji. Yeye tunamwita Mnene ingawa hana nyama ya kumlisha paka. Jina alilipata siku aliyovuka mpaka wa Busia amejizungushia tumboni, forodha wasione, yadi tatu za poplini ya samawati. Alifika hapa kitambi mbele, akaingia nyuma ya kibanda changu, akatoka mwembamba.

Kitambaa hicho kilikuwa cha shati la Onen. Onen ni mume wa Filda, koplo wa polisi. Mwezi wa pili mwaka huu wa sabini na saba watu wa miwani nyeusi, wale wa usalama wa serikali, walimchukua getini akitoka kazini, na hakuna aliyemwona tena. Filda alipewa siku tatu kutoka kota, akahamia chumba kimoja huku chini, akampeleka mtoto wao Amito kwa bibi yake Kitgum. Kijiweni kwetu neno "alichukuliwa" halitamkwi. Tunasema Onen yuko safarini. Basi Filda akamshonea shati la kumkuta akirudi, akaacha pindo pana ndani, na tangu mwezi wa tano sisi watu wazima tunabishana mtu huyo ana ukubwa gani sasa. Kila tukibishana, Filda anafumua. Siku ninayoisimulia alikuwa amefumua mara ya tano. Vipande vilikuwa vimelala mapajani mwake, na kingo zake zimejaa matundu ya sindano.

Redio: Mama Amito, mbona umefumua tena hiyo shati?

Filda: Juzi wewe ulisema amekonda. Jana Mnene anasema amenenepa. Sasa mimi nifuate nani?

Redio: Fuata mimi. Mimi nimekula safari miaka kumi na mbili. Safari inamaliza mtu.

Masinde: Wewe ulikuwa kwa lori ya jeshi, chakula yako ilikuwa vumbi. Hiyo mtu iko Eldoret, kwa shamba ya ngano. Asubuhi maziwa, jioni maziwa. Nakwambia shingo yake saa hii ni inchi kumi na saba.

Filda: Shingo yake ni kumi na tano na nusu.

Masinde: Hiyo ni kabla ya maziwa.

Redio: Eldoret nani alikwambia? Iko Juba. Anafundisha polisi ya huko saluti. Na jua ya Juba inavuta mtu juu. Nimeona na macho yangu, askari anaenda mfupi, anarudi suruali imefika hapa.

Akajigusa chini ya goti.

Mimi: Suruali ilifuliwa ikapungua, Redio.

Redio: Wewe Gundi unajua miguu tu.

Hapo alinipata. Mimi ninachojua ni miguu, na mguu haukondi wala haunenepi. Viatu vyeusi vya Onen vinaning'inia kibandani kwangu mpaka leo. Alivileta nivitie soli mpya, akasema atavipitia jioni, na jioni ile ndiyo hakuja. Kila Jumamosi navipiga rangi. Sijawahi kumwambia mtu, lakini nikiwa navishika huwa naongea navyo kidogo.

Masinde alikuwa anafungua mdomo kumjibu Redio, mara gari la wale wa miwani likapita, polepole, kioo nusu. Hatukuangaliana.

Redio: Lakini sebo, yule kipa, ile bao alilala.

Masinde: Alilala kabisa. Na golikipa halipwi kulala.

Mimi: Mpira ulikuwa na maji.

Tukaendelea hivyo hivyo na mechi ambayo hakuna aliyeiona, mpaka gari likakata kona ya kuelekea Naguru. Filda muda wote huo alikuwa akikunja kipande kimoja cha mkono na kukikunjua. Kisha Redio akashusha sauti, na safari ikaendelea palepale tulipoiacha.

Redio: Mimi nimesema Juba, lakini Juba ni njia tu. Kutoka pale wamemvusha bahari. Anaendesha gari ya bwana mkubwa, Arabuni.

Masinde: Hiyo mtu hajui kuendesha gari.

Redio: Amejifunza. Miezi nane unafikiri anafanya nini? Na kule wanakula kondoo mzima, watu wanne. Kata kubwa, Mama Amito. Weka kifua arobaini na sita.

Masinde: Na mikono?

Redio: Mikono fupi. Joto.

Masinde: Wewe umesema jua inavuta mtu.

Redio: Inavuta miguu. Mikono inabaki.

Filda akacheka. Alikuwa hacheki sana siku hizo, kwa hiyo kila alipocheka Redio alijiona amefanya kazi. Hata ule uongo wake ninaamini aliutunga usiku kucha kwa ajili hiyo. Anajua kuongopa, lakini moyo wake ni safi, na nimeshamwambia hivyo siku moja alipokuwa ametulia.

Filda: Gundi, simama.

Nikasimama. Mimi na Onen tuna kimo kimoja, kwa hiyo tangu mwezi wa tano mgongo wangu ndio mgongo wake. Filda akaweka kipande cha nyuma mabegani mwangu, akabana pini huku na huku. Akafika bega la kushoto, mikono yake ikasimama.

Filda: Hapa nitapunguza. Bega lake la kushoto limelala kidogo.

Redio: Ni bunduki hiyo. Bunduki inalaza bega.

Filda: Hapana. Alikuwa anabeba Amito upande huo.

Nilimsikia akipumua nyuma yangu. Nilitamani lile bega langu liwe lake hata kwa dakika moja, apate kulishika vizuri. Masinde ndiye aliyekohoa.

Masinde: Bado limelala, Mama Amito. Mtu haachi bega yake njiani.

Wakati huo akaja mkewe Masinde, Phelister, na kikapu chake. Alikuwa na siku tatu tu hapa Kampala, ametoka Kisumu kwao, na kijiweni alikuwa hajafika. Masinde akamsogezea nafasi, akatutaja mmoja mmoja kwa majina ya utani, akamwambia na habari ya shati: kwamba mwenyewe yuko safarini, na kwamba tunatafuta ukubwa wake. Phelister aliposikia neno "safarini" alimtazama mumewe, kisha akamtazama Filda, akaelewa. Wanawake wa Kisumu siku hizo walikuwa wamepokea wageni wengi waliokimbia kutoka kwetu.

Filda akammiminia kahawa ya mwisho iliyokuwa kwenye birika. Redio, ambaye alikuwa akiitegemea, akageuza kikombe chake kikalala kifudifudi, kiungwana.

Phelister: Asante, dada. Hii shati umeanza lini?

Filda: Mwezi wa tano.

Phelister: Na wewe je? Siku hiyo akirudi, atakukuta umevaa nini?

Swali lilikuwa dogo tu. Masinde akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa bado nimesimama na nusu ya shati mgongoni, na ndipo nikamtazama Filda kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Gauni lake lilikuwa lile lile la kahawia alilotoka nalo kota. Begani lilikuwa na viraka vitatu, kila kimoja na rangi yake, na chini pindo limekwisha kwa kufuliwa. Tangu mwezi wa tano tumepima mtu asiyekuwepo, kifua, shingo, mikono, na huyu aliyekuwa anatumiminia kahawa kila jioni hakuna aliyemwona. Niliona aibu, na naiona mpaka leo.

Filda: Mimi sina shida. Nguo ninayo.

Phelister: Unayo moja.

Filda: Kitambaa ni chake. Masinde aliteseka nacho mpakani Busia kwa ajili yake.

Masinde: Mimi nilibeba kitambaa. Hakikuandikwa jina.

Filda: Nikivaa mimi watu watasema nimechoka kumngoja.

Alilisema hilo akiangalia vipande, si sisi. Sasa nikajua kwa nini alikuwa anafumua. Kumbe si kwa sababu ya maneno ya Redio na Masinde. Shati likiisha, hatakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa na kungoja, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

Phelister akaweka kikombe chini. Akachukua kile kipande kutoka mgongoni mwangu, akakitandaza juu ya kile kingine, akavipima kwa shubiri.

Phelister: Hapa blauzi inatoka, na mikono yake. Shati yake tutakata siku amesimama hapa mwenyewe. Mtu anapimwa akiwepo, dada. Wewe uko.

Filda akalia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalishuka na aliyaacha yashuke, huku mkono mmoja ameuweka juu ya poplini isilowe. Phelister alimshika kiwiko akangoja. Sisi watatu hatukujua pa kuweka macho. Baadaye Filda akavua tepu shingoni mwake, akampa.

Filda: Sijawahi kupimwa. Huwa najikatia kwa kukisia.

Huyu ndiye aliyewashonea wake za polisi kota nzima, sare za shule, nguo za harusi, na hakuna aliyewahi kumwekea tepu mgongoni.

Phelister: Nyinyi wazee, geukeni.

Tukageuka wote watatu, tukautazama mlango wa duka lililofungwa tangu sabini na mbili. Nimeshautazama mlango huo mara nyingi lakini sijawahi kuuona una misumari mingi namna ile.

Phelister: Nani ana kalamu?

Kalamu hakuna. Mimi nina chaki ya kuchorea soli. Nikaingia kibandani kutafuta pa kuandika. Viatu vyote vilikuwa na matope ya wenyewe, isipokuwa jozi moja. Nikavishusha viatu vya Onen, nikavigeuza, soli mpya kabisa, hazijakanyaga hata mlango wa kibanda. Nikarudi nikasimama na wenzangu, uso kwenye mlango ule.

Phelister: Kifua, thelathini na tatu.

Nikaandika kwenye soli ya kulia.

Phelister: Kiuno, ishirini na sita. Umekonda, dada.

Redio: Safari hiyo.

Alisema taratibu, na hapakuwa na mzaha ndani yake.

Phelister: Bega, kumi na nne. Mkono, ishirini na moja.

Nikaandika kwenye soli ya kushoto. Filda alikuwa akigeuka kila alipoambiwa geuka, na niliposikia amecheka kidogo kwa sababu tepu ilimtekenya, Masinde akajifuta uso kwa kiganja, akadai ni moshi wa jiko. Jiko lilikuwa limezimika na kahawa imekwisha. Hata hivyo hakuna aliyeondoka.

Jumapili Filda alikuja na blauzi ya samawati. Kando ya mshono yale matundu ya sindano ya mara tano yalionekana ukisogea karibu, naye hakuyaficha. Redio alimtazama, akakosa habari ya kuleta, akasema tu imemkaa. Masinde alikwenda kwao Bungoma mwisho wa mwezi, akarudi kupitia Busia akiwa mnene tena, na yadi tatu nyingine tumboni. Kitambaa hicho cha pili, cha shati la Onen, anacho Filda, kimekunjwa ndani ya droo ya cherehani, na mkasi haujakigusa.

Viatu navyo vinaning'inia palepale. Kila Jumamosi navipiga rangi juu na pembeni, ila chini sigusi, kwa sababu chaki ni rahisi kufutika. Onen akija kuvichukua, kabla hajavivaa nitavigeuza, asome mwenyewe.