Ondoeni Msiba wa Watu Kwenye Websaiti Yetu

"Mama, ni picha tu." Ndivyo umeniambia, Bwire, mbele ya kaka yako, mbele ya mtoto wake huyu Justine anayenikanda miguu, na mimi mama yako niko hapa kitandani sijui kama kesho naamka. Picha tu! Basi kama ni picha tu, mbona unaogopa kuitoa? Rudi hapa. Kaa. Na wewe Matayo usicheke, nikimaliza na huyu nakuja kwako. Sikilizeni wanangu, leo nasema yote na msinikate maneno, kifua hiki hakina pumzi ya kurudia.

Hiyo picha ni ya msiba. Ni matanga ya yule mzee wa Mwello, mume wa mkwe wetu Provia, baba mkwe wa dada yenu Harriet. Tenti zetu zilikwenda huko, viti vyetu, sufuria zetu, na nyinyi wawili mkazisimamisha vizuri, hilo siwanyimi. Halafu wewe Bwire ukatoa simu ukaipiga picha ile tenti kubwa nyeupe, kwa sababu jua lilikuwa limeipiga ikang'aa na kamba zote zimevutwa sawasawa. Na chini ya tenti, hapo mbele kabisa, ni Provia. Amekaa chini kwenye udongo, miguu ameinyoosha, gauni limepanda juu ya magoti, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mdomo uko wazi analia mume wake. Mtu mzima yule, bibi wa wajukuu. Ukachukua hiyo ukaiweka mbele ya websaiti yetu, mahali mtu anapoingilia, na juu yake ukaandika, mimi sijui kusoma lakini Justine amenisomea: "Furahia siku yako na sisi."

Mungu wangu. Furahia.

Hiyo websaiti nilikutetea ulipoianza. Matayo alikuwa anasema unapoteza muda, unakaa na simu dukani kutwa nzima kama mtu anayengoja kuku atage, akakupa na jina, Bwana Websaiti, mpaka wabeba viti wakalishika. Fundi wa websaiti wa mjini ulimkataa, ukasema utajitengenezea mwenyewe, na ukajitengenezea kweli, unatazama video, unakosea, unabomoa, unaanza tena. Siku ilipofunguka uliniletea simu pale nje, mliponibeba nikae mkekani nimenye mihogo. Ukasema, "Mama, sasa mtu akiwa Nairobi, akiwa Jinja, anaona tenti zetu." Nikapiga kigelegele. Matayo naye akaja, akaishika simu, akaangalia, akasema ile kamba ya kushoto ingevutwa kidogo tena. Mnaona? Sote tuliangalia tenti. Nyumba nzima hii ya watu wa tenti, tuliona turubai, tukaona kamba, tukaona vyuma, hakuna hata mmoja aliyeuliza, huyu mama aliyekaa chini ni nani? Hiyo ndiyo inanila kuliko ugonjwa.

Aliyemwona ni mjukuu wake mwenyewe aliye Jinja, anatafuta tenti za harusi. Anafungua simu, anakutana na bibi yake analia chini ya neno furahia. Ikapita ukoo mzima, simu kwa simu, mpaka ikafika kwa Owor, mume wa Harriet, na Owor akapanda pikipiki akaja hapa. Nyinyi mnamjua Owor. Tangu amwoe dada yenu hajawahi kunitazama usoni, akinisalimu anasalimu ardhi, hiyo ndiyo heshima ya ukwe. Siku hiyo alisimama pale mlangoni akanitazama usoni. Nikamwambia, "Baba, karibu, unywe hata maji." Akasema, "Maji siyataki, mama. Mimi nilikodi tenti. Sikuwauzia mama yangu." Akageuka. Mimi nikajifunika shuka kichwa kizima, mchana, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikakaa humo mpaka nikasikia pikipiki imepotea.

Tangu hapo Harriet hajakanyaga hapa. Anajua nimelala, habari anazo, lakini atamwambia nini mama mkwe wake? Atasema, naomba ruhusa nikawaone wale waliokuanika wewe? Nakufa, na binti yangu yuko hapo Mwello tu, na kilichofunga njia ni hiyo unayoniambia ni picha tu.

Na bado iko! Matayo anasema, "Aliyeiweka aitoe." Bwire anasema, "Aliyenidharau aje aniombe radhi kwanza." Mmoja anasema tenti ni zake, mwingine anasema wateja ni wake kwa vile wanapitia kwenye websaiti. Mpaka watu wa Masinya wanajua ugomvi wenu, wanausimulia wakinywa chai.

Lakini Bwire, mimi nimekuzaa. Wewe si kiburi, wewe ni woga. Usimkazie Justine macho, mimi ndiye nilimuuliza. Kumbe ulijaribu kubadilisha namba ya simu, websaiti ikavurugika, maneno yakapanda juu ya maneno, bei za viti zikakaa kwenye nyuso za watu, ukahangaika hata chakula hukigusi, na iliporudi hujui imerudi vipi. Toka siku hiyo huigusi tena. Umeijenga kwa mikono yako na sasa unaipita kama nyumba yenye mbwa mkali. Kwa nini hukusema? Kumwambia kaka yako neno hili moja, "sijui", ni vigumu kuliko kumwacha mama wa watu pale chini, kila anayetafuta kiti anamtazama magoti?

Nyinyi hamjui Provia ni nani kwangu. Mlikuwa wadogo. Siku tunamzika baba yenu mvua ilinyesha, tenti hatukuwa nayo, watu wamejibanza kwenye migomba. Jeneza lilipoteremshwa nikaanguka kwenye tope, nikagaagaa, sijui nguo iko wapi, sijui nani ananiona. Wakati huo Provia si mkwe, ni mwanamke tu tunauza naye samaki wakavu soko la Lumino. Alifungua leso yake kiunoni, ya maua mekundu, akanifunika kiuno mpaka nyayo, na pindo akalikalia ili upepo usilinyanyue. Alikaa kwenye tope hilo mpaka nikanyamaza, yeye mwenyewe analowa. Leso nilimrudishia nimeifua, nikataka kumshukuru, akaniambia, "Nyamaza wewe. Na mimi utanifunika siku yangu."

Siku yake imefika, mimi nimelala hapa siwezi kusimama. Nikawatuma nyinyi. Wanangu, niliwatuma nyinyi mkamfunike.

Usilie, Bwire, ukilia utaionaje simu? Ifungue hapa hapa. Matayo, toka hapo mlangoni, kaa na mdogo wako. Karibu. Bega kwa bega, kitanda hakiwezi kuvunjika. Sasa mwombe radhi, Matayo. Mwombe nikisikia. Haya, umesema, na hujafa. Bonyeza, Bwire.

Umebonyeza? Mbona mnatazamana? Justine, niangalizie wewe. Imevurugika? Yote? Nyeupe tu, hakuna kitu? Na Provia? Tazama vizuri, teremsha mpaka chini. Hayupo?

Asante Mungu. Iacheni nyeupe. Wanaotujua watapiga simu, wasiotujua wataenda kwa wengine, na sisi tutakula mihogo, kwani tulikuwa tunakula nini? Utaijenga tena polepole, Bwire, na safari hii Justine akae kando yako aone kila unachogusa, na ile paswadi muijue wawili, isiwe ya mtu mmoja kununa nayo. Na kila mara muipitie, muitazame kama mnavyotazama tenti baada ya upepo, nani yuko ndani yake, bado anataka kuwepo? Picha mpige asubuhi viti vikiwa vitupu. Mkitaka mtu, mumuulize huyo mtu, akiwa amevaa vizuri na amecheka, na akisema hapana ni hapana.

Tenti sigawi. Nikiwagawia, kila mmoja atakwenda na kipande chake na hapo ndipo mtakuwa masikini. Tenti ni zenu wote wawili na websaiti ni yenu wote wawili. Sufuria za pilau ni za Harriet, mpelekeeni hata kama hajaja. Shamba la mihogo alime Justine, na asiambiwe ni msichana. Matayo, lile jina, Bwana Websaiti, nazikwa nalo mimi. Nisilisikie huku nje nikiwa kule.

Niinueni kidogo. Hivyo... pumzi inakatika.

Siku yangu ikifika mtasimamisha ile ile tenti nyeupe. Bwire uje na simu yako. Mimi nitakuwa hapo nimelala, na Harriet... kama atakuja, atakuwa chini kwenye udongo, gauni lake litapanda, kwa sababu ni mama yake amekufa. Hiyo ndiyo picha yenyewe. Provia akitaka ikae pale mbele, mahali alipokaa yeye, na lile neno juu yake, mtaiweka. Mtaiacha mpaka yeye aseme basi. Msibishane naye. Msiseme... ni picha tu.

Matayo, lete mkono. Bwire, wa kwako juu yake. Mungu awaangalie, wanangu. Awape kazi ambayo mtaweza kuieleza kwa mtu yeyote mkimtazama usoni. Watoto wenu wawafunike. Amina... semeni amina.

Justine. Maji? Hapana, acha maji, sikiliza. Chukua boda uende Mwello sasa hivi, jua bado liko. Usipige simu, simu imetutosha. Ukifika kwa Provia upige magoti mlangoni, usiingie mpaka aseme ingia. Mwambie picha imetoka. Mwambie ameitoa Bwire, na Matayo alikuwa amekaa naye. Mwambie mimi uso sina... ndiyo maana nimekutuma wewe.

Halafu mwambie siku yangu ikifika aje na leso. Akitaka nipigwe picha, nipigwe. Akitaka kunifunika, anifunike. Ni yeye wa kusema.

Umeshika? Usiongeze neno lako. Mwambie hivyo hivyo.