Shimo Chini ya Mashine ya Wiebren

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Wiebren Postma, fundi wa mashine za boti hapa Harlingen. Alikuwa na miaka sitini na nane. Alitoweka tarehe kumi na nne Septemba kwenye mchanga wa Wadden, ule unaobaki wazi bahari inapopwa. Mwili wake haujaonekana.

Wengi wenu aliwafundisha jambo moja. Mashua ya tanga inapoachwa ikae mchangani maji yakipwa, mashine ya nyuma inyanyuliwe kwanza. Isiponyanyuliwa, inabeba uzito wa mashua. Rafadha, ile pangaboi inayosukuma mashua, inapinda, na matope yanaziba tundu la maji ya kupozea. Mwaka 1979 yeye mwenyewe alisahau. Alirudi kwa makasia, saa tisa mfululizo. Mkewe, Tjitske, alimpokea mlangoni: "Fundi mzima unapiga makasia? Ingia ndani, majirani wasikuone."

Kiangazi hiki komeo la kushikilia mashine yake juu lilikatika. Alitengeneza ya wateja, lake akaliacha. Kila maji yalipopwa hadi vifundoni alishuka na beleshi, akachimba shimo ili rafadha isiguse chini. Binti yake, Hiske, alipomsema, alijibu, "Shimo halihitaji vipuri, mwanangu."

Siku ile ukungu ulishuka. Waokoaji waliifikia mashua baada ya siku mbili. Ilikuwa imekaa mchangani, nanga imeshika. Ndani hamkuwa na mtu. Beleshi lilikuwa ndani, kavu. Lakini chini ya rafadha palikuwa na shimo, kingo zake zimekatwa wima.

Jelle, kiongozi wa waokoaji, aliniambia: "Nyayo zilikuwa zangu tu."

Nimewahi kuchimba mashimo kama hayo. Maji yakijaa hata mara moja tu, shimo linafukiwa. Hapo yalikuwa yamejaa mara nne.

Tjitske alikataa mashua ivutwe. "Bado yuko kazini," alimwambia Jelle. "Mtu aliye kazini hatangaziwi kifo."

"Mama Hiske, ni wiki ya tatu sasa."

"Na shimo?"

"Lipo."

Wiki tatu, wasikilizaji. Kila maji yalipotoka, shimo lilikuwapo. Sina maelezo.

Jumapili iliyopita Hiske alikwenda na komeo jipya, yeye na mama yake. Alilifunga, akanyanyua mashine, akaivika mfuko wa turubai. "Baba, wewe mbishi," alisema. "Haya, iko juu. Acha kuchimba."

Walikaa ndani ya mashua. Maji yakajaa, yakapwa. Chini ya rafadha mchanga ulikuwa tambarare.

Tjitske aliutazama mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akasema, "Mpigie yule wa redio. Mwambie atangaze."

Ndiyo sababu mnanisikia leo. Tunawapa pole Tjitske na Hiske. Jina la Wiebren litasomwa kanisani Jumamosi, saa nne asubuhi. Hakutakuwa na jeneza. Wenye mashua, nyanyueni mashine mapema. Na sote tutafakari ni kitu gani tunawatengenezea wengine kila siku, na nyumbani kwetu kimekatika.