Mwenye Kuleta Huonja Kwanza

Benchi la kijiwe chetu cha Kihonda ni la chuma. Alilichomelea Maneno Mwinshehe, fundi wa milango na madirisha, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye asili ya Kinole, na akajiwekea nafasi yake mwishoni, karibu na jiko la kahawa la Bi Mwamvita. Nafasi hiyo sasa iko tupu. Maneno anaumwa, amefanyiwa upasuaji, na huenda Dar es Salaam kutundikiwa dripu za dawa. Safari iliyopita daktari alimwambia amekonda mno, na kwamba uzito ukipungua tena, dripu ya Jumanne haitatundikwa. Habari hiyo ilifika kijiweni kabla Maneno mwenyewe hajafika nyumbani. Asubuhi ninayoisimulia alikuwapo Thobias, ambaye alifanya kazi kwenye boila, mtambo wa mvuke wa kiwanda cha sukari, na kwa hiyo huitwa Boila. Na Abdulatif, ambaye huitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Mimi nilikuwa na kikombe changu.

BOILA: Bi Mwamvita, mimina. Leo nina jambo zito.

MWAMVITA: La juzi nalo lilikuwa zito, likaishia kwenye mbuzi wa jirani.

BOILA: Kijana wetu anakosa moto. Dripu zinamchoma ndani, si ndiyo? Basi dawa ya moto ni moto. Nimempelekea supu ya pilipili kichaa.

REDIO: Pilipili! Mtu ana vidonda mdomoni!

BOILA: Boila likiziba tulikuwa tunaongeza presha. Likizibuka, hata wa Mkuyuni wanasikia. Na wali nimemkataza. Wali unaganda, unaziba bomba.

REDIO: Mzee unazingua. Utumbo wa mtu si mtambo. Cha kuondoa ni sukari. Ule ugonjwa unakula sukari kama siafu.

BOILA: Mimi nimeshinda kwenye sukari ujana wangu wote. Mbona nipo?

REDIO: Bandu bandu huisha gogo.

BOILA: Gogo lipi?

REDIO: Wewe.

Nikawaambia kuwa "ule ugonjwa" una jina: saratani ya utumbo mpana.

REDIO: Mzee wangu, usiutaje kwa sauti, utageuka kutazama nani kauita.

BOILA: Tena ulikuwa wa wazee, sisi hapa. Kijana kautoa wapi?

REDIO: Mshika mbili moja humponyoka. Kijana alikuwa anachomelea huku anakula chipsi.

MWAMVITA: Kwa hiyo umemwachia ale nini? Nyama?

REDIO: Nimekataza. Mayai pia, na maziwa. Nimempelekea majani ya mstafeli kutoka kwao kulekule Kinole. Yachemshwe mpaka maji yawe meusi, anywe asubuhi na jioni. Kuna mtu Mkuyuni alipona kabisa.

BOILA: Alikuwa anaumwa nini?

REDIO: Mguu.

BOILA: Acha kamba! Sikiliza dawa. Maji ya juu kabisa ya Uluguru, yachotwe alfajiri, ndege hajanywa, yanywewe na baridi yake. Jana nimempelekea dumu.

REDIO: Kwa nini mlima uje kwa mtu? Mtu apelekwe mlimani! Asimame kwenye mteremko, aangalie juu, apewe tonge. Chakula kitashuka chenyewe. Mmewahi kuona maji yakipanda Uluguru?

Boila alifikiri kidogo, akakiri kuwa hajawahi.

MWAMVITA: Na mkewe anasemaje?

REDIO: Pili? Binti mwenye adabu yule. Kila tunachomwambia anaitikia, "Sawa, wazee."

Hapo Pili mwenyewe akatokea, kapu mkononi. Hakuwa amewahi kukaa kijiweni. Siku hiyo alikaa, tena palepale kwenye nafasi ya mumewe.

PILI: Shikamooni, wazee.

BOILA: Marahaba, mwanetu. Mgonjwa kaamkaje?

PILI: Kaamka. Nimefuata yote mliyosema. Mzee Thobias kakataza wali. Mzee Abdulatif kakataza sukari, nyama, mayai na maziwa. Zikabaki pilipili, majani na maji. Supu ilimuunguza vidonda. Maji yale ya baridi yalimchoma koo na vidole kama sindano, maana dripu zake hazipatani na baridi. Majani kayatapika. Tangu jana mchana hajala kitu.

Pili akafungua kapu, akapanga chupa zao na dumu la maji kwenye benchi.

PILI: Leo anasema yuko tayari kuanza upya, vyote. Ila kwao Kinole mwenye kuleta huonja kwanza, mgonjwa ndiyo afuate. Sasa wazee wangu, nani anaanza?

Redio akatazama barabarani. Boila akagundua kitu cha maana chini ya kikombe chake.

BOILA: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aanze Abdulatif.

REDIO: Mkubwa ni jalala. Aanze Boila.

MWAMVITA: Aanze yeyote, kahawa inapoa.

Boila hakuweza kurudi nyuma mbele ya wanawake wawili. Akagugumia supu yake. Jasho likamtoka mpaka kwenye kope, akaomba maji kwa ishara, na Bi Mwamvita akamsogezea dumu la Uluguru. Redio naye akanywa funda la majani. Uso ukamkunjamana, mdomo ukafungika, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akazimika.

MWAMVITA: Hospitali walisema ale nini?

PILI: Muuguzi alisema ale kidogo kidogo, mara nyingi, kile kinachoshuka. Wali laini, yai lililoiva vizuri, samaki, ndizi mbivu. Na dawa yoyote ya majani tuwaulize kwanza, isije ikagombana na dripu.

REDIO (kwa shida): Mbona hukutuambia?

PILI: Mlikuwa mnaongea.

MWAMVITA: Na yeye mwenyewe anataka nini?

PILI: Wali na yai. Na watu. Anasema mnaacha chupa mlangoni mnaondoka mbio, kama vile anaambukiza. Akila peke yake tonge haliendi.

BOILA: Tuliogopa kumchosha.

PILI: Amechoka kusubiri, mzee.

Boila akasimama, akashika benchi upande mmoja. Redio akaelewa, akashika upande wa pili. Benchi lile ni zito, kwa maana Maneno si fundi wa kubania chuma. Njiani walilitua mara moja tu, mbele ya duka, na Redio, aliyekataza mayai, ndiye aliyeingia kuyanunua. Mimi nilibeba vikombe. Bi Mwamvita alifuata na birika.

Tulilitua benchi barazani kwa Maneno. Akatoka amejifunga shuka, mwembamba kuliko nilivyotarajia, akalitazama benchi, akakaa mwishoni. Pili akaleta sinia. Tukanawa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

MANENO: Redio, mayai umeleta wewe. Onja.

Redio akala. Akameza, akafungua mdomo ili aeleze faida za yai mwilini.

BOILA: Usianze.

Maneno akacheka, akashika tumbo penye mshono, akaendelea kucheka. Kisha akala. Alikula polepole, tonge dogo dogo, nasi tukimsubiri. Alipomaliza yai lake, akanyoosha mkono akachukua la Boila.