Barua Zilizopitia Ng'ambo ya Pili: Kumuaga Bi. Agustina Nchagwa wa Masjala

Ijumaa hii, tarehe 15 Agosti 2025, Bi. Agustina Nchagwa, Msimamizi wa Masjala, anatimiza miaka sitini na kukabidhi funguo za chumba alichokitumikia kwa sehemu kubwa ya miaka thelathini na saba na nusu ya utumishi wake. Kesho yake, Jumamosi, saa nne asubuhi, jina la jengo letu jipya litasomwa mbele ya wananchi. Tarehe hizi mbili hazikupangwa zifuatane. Zimefuatana tu, na wengi wetu hapa ofisini tungefurahi kama jina lingesomwa kwanza, yeye akaondoka baadaye.

Mama Sarah, kama tunavyomwita, alizaliwa Matongo na aliajiriwa hapa Bomani tarehe 1 Februari 1988 kuwa mpiga chapa. Alihamia masjala mwaka 1996, mashine yake ya taipu ilipokosa utepe kwa miezi mitatu na bosi wa wakati huo hakutaka kumwona amekaa bure. Alikwenda kwa muda. Muda huo ndio unaokwisha leo.

Kwa kawaida daftari la barua zinazoingia huwa na tarehe, mtumaji na kinachohusu. La Mama Sarah lina safu ya nne, ambayo hakuna mwongozo wowote unaoitaja: hali ya hewa. Anasema alianza kuijaza baada ya afisa mmoja kukana kwamba barua fulani iliwahi kuletwa. Mama Sarah alifungua daftari akamsomea siku, saa, na maneno haya: "Mletaji ameloa hadi viatuni, nimempa gazeti la kukalia." Afisa alikumbuka lile gazeti, kwa kuwa lilikuwa lake na alikuwa hajalisoma.

Safu hiyo ilichekwa kwa miaka mingi. Kisha ukaja mradi wa jengo jipya, lile la kuta za matofali ya udongo ulioshindiliwa, lenye umeme wa jua na paa linalokinga mvua na kuipeleka kwenye tangi chini ya ua. Fundi wa maji, Bw. Shamsudin, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye bwawa la Manchira, alitaka kujua mvua zetu huanza lini na hukatika lini. Mama Sarah alimtolea madaftari ya zaidi ya miaka ishirini. Bw. Shamsudin aliyasoma siku mbili, akaomba tangi liongezwe ukubwa. Masika iliyopita lilijaa hadi mfuniko na halikumwagika.

Mwezi wa Mei wananchi walialikwa kulipa jengo hilo jina. Tangazo lilikuwa fupi: jengo ni lenu, lipeni jina, mwandike na sababu. Masanduku matatu yaliwekwa, moja sokoni, moja ng'ambo ya juu ya mto unaougawa mji wetu na moja ng'ambo ya chini. Kwa siku ishirini na moja zikaingia karatasi 614. Mwendesha bodaboda mmoja alipendekeza jina lake mwenyewe, na kwenye sababu akaandika kwamba hakuna jengo lolote lenye jina hilo. Mwingine hakuandika jina, aliuliza tu kama matofali yamebaki.

Hapa ndipo kosa lilipotokea, na wasifu huu hauwezi kulipita. Masjala imezoea kupanga kila kitu kwa mahali kilipotoka. Karani aliyepewa kazi ya kuorodhesha majina aliyapanga hivyo hivyo, sanduku kwa sanduku, akapiga jumla na kubandika orodha ubaoni Jumatatu asubuhi. Karani huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Hakufikiria kwamba watu wangesoma vichwa vya orodha na kuacha majina. Kufikia saa sita, kilichosomwa kilikuwa kimoja tu: ng'ambo ya juu wanataka babu yao, ng'ambo ya chini wanataka wao, na ng'ambo ya juu wanaongoza kwa karatasi kumi na nne.

Wazee wa hapa wanakumbuka miaka ambayo ng'ombe mmoja aliyevushwa mto usiku alifunga soko kwa wiki tatu. Vijana tumesimuliwa tu, lakini tumesimuliwa vizuri. Saa saba akina mama sokoni walianza kufunga vitenge vyao na kuondoa nyanya. Saa nane bodaboda za upande mmoja zilikataa abiria wa upande wa pili. Saa tisa wanaume wapatao arobaini walikuwa wamesimama uani kwetu, makundi mawili, kila mmoja na fimbo yake. Mwandishi alifunga mlango wa masjala kwa ndani, akafunga na dirisha.

Mama Sarah alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akafungua dirisha, akaanza kuamkia.

Hakuamkia kundi. Aliamkia mzee mmoja mmoja, kwa jina, akianza na waliosimama mbali na dirisha. Shikamoo Mzee Joram. Shikamoo Mzee Sylvester. Mguu umepoa? Yule mtamba amezaa? Wote wawili walikuwa wamekasirika sana, lakini kutoitikia shikamoo ni aibu ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuibeba mbele ya mwenzake. Iliwachukua karibu nusu saa kumaliza marahaba. Baadaye Mama Sarah alitueleza hesabu yake: mzee akishaitikia amekuwa baba yako, na baba anaweza kukugombeza, ila itamwia vigumu kukuvunjia dirisha.

Ndipo Mzee Joram wa ng'ambo ya juu alipouliza, "Wewe binti wa Matongo, jengo hili linakuhusu nini?"

"Mimi linanihusu faili lake tu, baba," alijibu. "Na faili halijakamilika. Barua zenu zote zimekuja moja kwa moja. Mtumishi hapa hawezi hata kuomba likizo bila barua yake kupitia kwa mkuu wake. Ninyi mnataka kulipa jengo la mji mzima jina, na barua haikupitia kwa mtu?"

"Ipitie kwa nani?" aliuliza Mzee Sylvester wa ng'ambo ya chini. "Kwako?"

"Kwa jirani. Jina la huku liletwe na sahihi ya mzee wa kule. Na la kule hivyo hivyo. Lisilo na sahihi ya ng'ambo ya pili nalirudisha."

Mzee Joram alisema hata akifa hatamwomba Sylvester sahihi. Mzee Sylvester akamjibu kwamba hilo ni jambo zuri, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kuandika ila kwa dole gumba, na dole lake analiheshimu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha wengine. Fimbo zikashushwa, ingawa hazikuachwa.

Kwa mkuu wa ofisi, aliyetaka kujua nani alibandika orodha ile, Mama Sarah alipeleka dokezo la mstari mmoja: "Masjala imekosea, masjala inarekebisha." Jina la mtu halikuwemo. Mwandishi bado ana kazi kwa sababu ya mstari huo.

Ilichukua wiki saba. Wazee walivuka mto na karatasi mfukoni, wakirudi wamekasirika au wameshiba. Majina ya mababu yaliishia njiani, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumtilia sahihi babu wa mwenzake. Kutoka karatasi 614 yalibaki majina manne. Moja kati ya hayo lilikuwa na sahihi nyingi kuliko yote, za pande zote mbili, na lilikuwa Agustina. Alilikata mwenyewe kwa wino mwekundu. Alisema jengo likiwa na jina lake, siku choo kikiziba mji mzima utasema Agustina ananuka.

Lililoshinda lina sahihi kumi na moja za ng'ambo ya juu na kumi na moja za ng'ambo ya chini, madole gumba mawili yakiwemo. Mwandishi analijua, maana ndiye aliyelichapa, na halitaji hapa. Limo kwenye bahasha, bahasha imo kwenye jalada, na jalada limo kwenye kabati ambalo kuanzia kesho ufunguo wake si wa Mama Sarah tena. Imeelekezwa kwamba msimamizi wa masjala ndiye atakayelisoma, na siku hiyo atakayekuwa anakaimu nafasi hiyo ni mwandishi. Wazee wametia sahihi. Vijana wao hawakuulizwa.

Wiki hii Mama Sarah ameulizwa mara nyingi, na mtu yule yule, itakuwaje wakikataa. Amejibu mara moja tu, huku akifunga madaftari yake kwa kamba: "Mwanangu, fungua dirisha kwanza. Ukitaka kuogopa, ogopa likiwa wazi."

Mama Sarah, watumishi wenzako tunakushukuru kwa kila barua uliyoipokea ikiwa imeloa. Nenda Matongo ukapumzike, maharage yako yapate mvua kwa wakati, na magoti yakuache ulale. Maisha yako ya mbele yawe mema. Jumamosi tutaanza na walio mbali na dirisha. Safu ya nne ya daftari imekwisha kuchorwa hadi Desemba.

Nashoni Amos
Karani, Masjala