Meseji za Mama Yake Ngendo

Nikienda Wamagana kwa matatu juzi, niliketi nyuma ya nyanya mmoja na mwanamke asiyemjua, nikajifanya nimelala.

"Mwalimu alisema mjukuu wangu Ngendo asome kila siku hii likizo," nyanya alieleza. "Mimi sijui kusoma, na vitabu hatuna. Nikampatia simu ya marehemu mama yake. Ananisomea meseji alizoandika mama yake."

"Woi, shosho! Utamuumiza huyo mtoto. Mtafutie kitabu ya hadithi."

"Analia, ni kweli. Lakini alianza na herufi moja moja, sasa anamaliza mstari. Na mimi nasikia msichana wangu akiongea."

"Na meseji zikiisha?"

Gari likasimama. Nyanya akashuka taratibu, akageuka mlangoni.

"Ziliisha Jumapili," akasema. "Sasa anamwandikia majibu."