Mansuetus Aliyeomba Ruhusa kwa Kijana Wake

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa; watoto, hamjambo. Tunazungumza nanyi tukiwa bado hatuamini. Mwalimu Mansuetus Komba wa Maguu, mlezi wa vijana wa skauti, amefariki dunia. Amefariki ghafla, Jumamosi, njiani, mbele ya vijana wake.

Mansuetus alikuwa mkulima wa kahawa; ualimu wake ulikuwa kwa skauti. Aliwalea skauti kwa desturi moja. Kila safari, kijana mmoja alishika filimbi, na mwenye filimbi ndiye kiongozi. Mansuetus mwenyewe alimtii.

Mama mmoja, Bi Tadea, aliwahi kumkemea: "Mwalimu, mtu mzima unaamrishwa na mtoto aliyeachishwa ziwa juzi?"

Akajibu akicheka: "Mama, asiyetiiwa atajifunzaje kuongoza?"

Jumamosi hiyo walikuwa wakirejea kutoka kambini Mbamba Bay. Filimbi ilikuwa kwa Florian, mtoto wa huyo huyo Bi Tadea. Walipokuwa wakipanda mlima, Mansuetus alisema: "Kiongozi, naomba ruhusa nipumzike."

Florian akamtania: "Mzee, umezidisha kula dagaa wa usipa kule ziwani! Tufike kwanza darajani."

Vijana wakacheka. Mansuetus akacheka pia, akapiga saluti, akatii. Darajani aliketi. Hakuinuka tena.

Wasikilizaji wapendwa, vijana walipiga mayowe. Florian akapuliza filimbi. Wawili akawatuma mbio kutafuta gari. Wengine wakavua mashati, wakayapitisha kwenye fimbo zao, wakapata machela. Bila kungoja gari, walimbeba mlezi wao hadi zahanati. Mganga akasema moyo wake uliugua muda mrefu, naye alikwisha kufariki. Vijana wote walirudi nyumbani salama.

Lakini Florian aliivua filimbi. Bi Tadea anasema mwanawe hali chakula, anarudia neno moja tu: "Mimi nilimnyima ruhusa."

Jana, kaburini, skauti walisimama wakingoja amri. Hakuna aliyethubutu kuitoa. Ndipo mjane, Mama Gaudiosa, alipomwendea Florian, akamvisha filimbi shingoni.

"Mwanangu, angeweza kuketi bila kukuuliza. Alipenda kukutii. Sasa usimwache amesimama. Mpe ruhusa."

Florian akapuliza. Akapiga saluti.

"Mwalimu, ruhusa umepewa. Pumzika."

Mama Gaudiosa, pamoja na watoto na skauti wote wa Maguu, poleni sana. Mungu ampokee marehemu. Nasi wazazi tujiulize leo, kila mmoja nyumbani kwake: mtoto wangu nimempa filimbi lini?