Wasifu wa Bachal Khan wa Lunasar, na Wimbo Uliotolewa Nje ya Nyumba

Marehemu Bachal Khan alizaliwa tarehe 14 Juni 1944 katika kijiji cha Lunasar, wilaya ya Jaisalmer, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ramju Khan na Bi Hurmat. Tarehe hiyo aliiandika mwalimu kwa kumkadiria kwa macho. Mama yake alishikilia tu kwamba ulikuwa mwaka ule nzige walipomaliza uwele hadi mabua. Alikuwa Mmanganiyar, na kazi ya Wamanganiyar ni kuimba. Nyumba ambayo ukoo wake uliiimbia kwa vizazi saba ni ya akina Bhati wa Hamirsar, kilomita kumi na moja kuvuka vilima vya mchanga. Mtoto akizaliwa Hamirsar, waliitwa. Kukiwa na harusi, waliitwa. Kukiwa na msiba, hawakungoja kuitwa.

Alisoma katika shule ya msingi ya Lunasar hadi darasa la tano, kuanzia 1953 hadi 1958. Lakini shule yake hasa ilikuwa kwa babu yake, Mzee Alladin, aliyemfundisha kupiga kamaicha, lile zeze la upinde lenye tumbo la ngozi ya mbuzi, na kumkaririsha majina ya mabwana wa Hamirsar tangu wa kwanza. Akiruka jina moja, alilala bila maziwa.

Tarehe 3 Mei 1966 alimwoa Bi Sugni wa upande wa Barmer. Bi Sugni amezoea kuwaambia wajukuu, “Babu yenu alikuja kunichumbia na sauti tu. Hata viatu aliazima, tena vya mguu mdogo, akawa anaimba huku amekunja uso. Mimi nikadhani ni uchungu wa mapenzi!” Walijaliwa watoto wanne, na mmoja, Hanifa, alitangulia mbele ya haki mwaka 1975 akiwa na miaka mitatu.

Wasafiri walipoanza kuja jangwani kwa ajili ya magulio na matamasha, marehemu alikuwa miongoni mwa wapigaji wa kwanza kuitwa. Alipiga Pushkar wakati wa gulio la ngamia, akapiga Nagaur na Ramdevra, na kwa miaka thelathini na minne hakukosa tamasha la Dhanasar, zile siku tatu za mwishoni mwa Magh, mwezi unaoangukia kati ya Januari na Februari, kabla mbalamwezi haijaanza kupungua. Mwaka 1986 aliingiza ngamia wake, Moti, kwenye shindano la kupamba ngamia. Moti akanyoosha shingo na kula shada la maua shingoni mwa mwamuzi, polepole, ua baada ya ua. Marehemu akaunganisha viganja akasema, “Hukum, bwana wangu, amekupa alama zote kumi.” Hawakushinda, ila mwamuzi yule alikuwa akimtafuta kila mwaka ili wanywe chai pamoja.

Sasa kuna jambo la mwaka 1998 ambalo wengi hapa wanalijua kwa upande mmoja. Linaandikwa hapa na Kasam, mwanawe wa kwanza. Amejitaja kwa jina, kama mtu mwingine, kwa sababu hivyo tu ndivyo mkono wake ulivyokubali kuandika.

Bwana Guman Singh wa Hamirsar alifariki tarehe 19 Januari mwaka huo. Marehemu alikaa kwake siku zote kumi na mbili za matanga, akaimba kilio cha nyumba ile, wimbo wenye majina ya wafu wao wote, ambao hauimbwi penginepo. Tarehe 11 Februari ikawa siku ya mwisho ya tamasha la Dhanasar. Mbio za ngamia zilikuwa zimekwisha, na wageni walikuwa wakishindana kufunga kilemba huku watu wakiwacheka. Aliyeshika kipaza sauti ni Kasam, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye miwani ya jua na maneno mengi.

Akamwendea baba yake nyuma ya jukwaa. “Baba, leo tuwape ile ya Hamirsar. Wageni wanapenda kitu cha kuliza.”

“Ile si ya uwanjani. Ina wenyewe.”

“Nani atajua? Hawajui hata neno moja.”

“Wafu wanajua majina yao, Kasam. Toa hilo wazo.”

Kasam hakulitoa. Baba yake alipokwisha kupanda jukwaani na kuketi, akatangaza mbele ya watu elfu kadhaa kwamba Ustadhi Bachal Khan ataimba wimbo wa mapenzi wa jangwani, wa kale, usiopata kusikika. Marehemu alimtazama mwanawe. Angekataa, angemfanya mwongo hadharani. Akaimba. Wageni walipiga makofi kwa kufuata mdundo, na wawili wakasimama wakacheza. Alipofika kwenye jina la Guman Singh, kijana mmoja wa safu ya pili aliinuka akatoka. Alikuwa Jaswant Singh, mtoto wa Bwana Guman Singh, aliyekuja kutazama mbio za ngamia.

Kesho yake baba na mwana walikwenda Hamirsar. Bi Hukam Kanwar, mjane, aliuliza kutoka nyuma ya pazia, “Nani aliyekutuma kumchezesha ngoma mume wangu?”

“Hakuna, Ma-sa, mama yetu. Ni tamaa yangu mwenyewe,” akasema marehemu.

Kasam alikuwa nyuma yake, hatua mbili. Aliangalia mkeka.

Nyumba ya Hamirsar ikafungwa kwa Bachal Khan. Harusi tatu zilifanyika kule kwa waimbaji wa kukodi. Watu wa Lunasar walimwita muuza kilio, na Kasam alisikia baba yake akitukanwa hivyo kisimani, akajaza ndoo yake akaondoka. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Guman Singh, marehemu alitembea hadi Hamirsar, akaketi nje ya lango hadi adhuhuri, kisha akarudi. Kila mara Kasam alimwambia hawezi kufuatana naye, ana safari ya wageni.

Agosti 2016 alianza kukwama kumeza. Madaktari wa Jodhpur wakaona uvimbe kooni, na kufikia Januari sauti ilikuwa imekwisha. Tarehe 7 Machi 2017 Kasam akaenda Hamirsar peke yake. Alisema yote mbele ya pazia lile lile, akilia.

Bi Hukam Kanwar akajibu, “Nilijua tangu siku ile. Mwanangu aliitambua sauti yako kwenye kipaza sauti. Baba yako alipokuja kuketi langoni nilimwambia nimejua, na nikataka uitwe.”

“Kwa nini hukuniita, Ma-sa?”

“Yeye ndiye aliyekataa. Alisema, ‘Akiitwa atakuja kwa kusukumwa. Mwache aje kwa miguu yake.’ Nikamwambia basi aingie yeye anywe maji. Akasema hataingia bila wewe. Miaka kumi na tisa, mwanangu, unajua lango lile lina jua kiasi gani?”

Kasam akaomba msamaha. Akaambiwa, “Usininong’oneze mimi hapa. Ulitumia kipaza sauti siku ile. Kaseme mbele ya watu.”

Alirudi mbio, akamkuta baba yake amekwisha kuzama katika usingizi wa dawa. Alimweleza yote sikioni. Haijulikani kama alisikia. Bachal Khan alifariki nyumbani kwake Lunasar alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 2017, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Basi isikike kaburini kwake: hakuwa muuza kilio. Muuzaji ni huyu anayewasomea haya.

Ameacha mjane, Bi Sugni, ambaye ameomba asomewe haya kwanza, akasomewa; watoto watatu, Kasam, Jetu na Sadku; wajukuu kumi na mmoja; na nyumba ya akina Bhati wa Hamirsar, ambayo leo imemtuma Bwana Jaswant Singh, aliyekuja kwa miguu na kushika jeneza upande wa kichwa.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na mchanga huu alioutembea sana usimwie mzito.